Somo la Tano: Kafeini Iliyojificha katika Soda Zisizo na Sukari



Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya msomaji mmoja mmoja na pia kwa vikundi vinavyokutana kujifunza pamoja, kama vile vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya msingi vya ushirika na mikutano ya wazazi shuleni. Anayeongoza kikundi na aje na chupa au makopo matatu au manne ya vinywaji vinavyouzwa kijijini, ili kila hatua ya somo ifuatwe kwa macho na si kwa masikio peke yake.

Malengo ya somo

Baada ya kulimaliza somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza kafeini ni nini na inafanya nini mwilini;
(b) kutofautisha kati ya kinywaji kisicho na sukari na kinywaji kisicho na kafeini;
(c) kuitafuta kafeini kwenye lebo, hata pale ambapo haikutajwa kwa jina lake;
(d) kukadiria kiasi cha kafeini anachokunywa yeye au mtoto wake kwa siku;
(e) kujua mahali pa kupeleka malalamiko lebo inapokosekana, inapofutika au inapopotosha.

1. Kwa nini tujifunze jambo hili

Katika kata ya Mpapura, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Wilaya ya Mtwara, msimu wa korosho ndio unaoamua mwendo wa maisha. Minada inapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, na malipo ya wakulima yanapoanza kuingia, maduka hujaa bidhaa, harusi hupangwa, na kreti za soda hushushwa hata mahali ambapo miezi michache iliyopita palikuwa na chumvi, sabuni na viberiti tu. Joto la pwani nalo halina subira: mtu akitoka shambani au safarini hutaka kitu cha baridi, na mara nyingi hakiangalii zaidi ya jina na bei.

Wazee wetu walikunywa madafu na maji ya mabibo. Dafu halina lebo, wala haliihitaji, kwa sababu mnunuzi anaujua mnazi lilikoangushwa. Chupa iliyotoka kiwandani haina mnazi wa kuonyesha. Kitu pekee kinachosimama kati ya mnywaji na mtengenezaji ni yale maandishi madogo yaliyo ubavuni mwake. Maandishi hayo yakiwa hayasomeki, au yakisema nusu ya ukweli, mnywaji hubaki gizani.

Siku hizi watu wengi wanaoambiwa hospitalini kuwa wana kisukari au uzito uliozidi huachana na soda ya kawaida na kushika ile isiyo na sukari. Uamuzi huo una maana yake. Lakini wengi wao huamini kwamba kinywaji kilichoondolewa sukari kimeondolewa kila kitu chenye kuugusa mwili. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

2. Kafeini ni nini

Kafeini ni kemikali inayopatikana kiasili katika buni, majani ya chai, mbegu za kakao, kola na guarana. Mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819. Ikiwa peke yake huwa ni unga mweupe wenye ladha chungu. Kafeini inayotiwa kwenye soda ama huwa imetolewa kwenye mimea, ikiwa ni pamoja na ile inayoondolewa kwenye buni ili kupata kahawa isiyo na kafeini, ama hutengenezwa kiwandani. Mwili hauitofautishi hii na ile.

Ikiingia mwilini, kafeini huzuia kwenye ubongo ile ishara inayomletea mtu uchovu na usingizi. Kwa hiyo haiongezi nguvu kama chakula kinavyoongeza. Inachofanya ni kuificha habari ya uchovu. Uchovu wenyewe unabaki palepale, ukisubiri. Kiasi kikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, tumbo huchafuka, wasiwasi hupanda na usingizi hukimbia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mwili huchukua takriban saa tano kupunguza kafeini hadi kufikia nusu yake, ingawa watu hutofautiana. Maana yake ni kwamba aliyekunywa saa kumi na mbili jioni, ikifika saa tano usiku bado ana karibu nusu ya alichokunywa. Kwa mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwisho, muda huo hurefuka mara mbili au mara tatu. Mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja kafeini, nayo hupita kutoka kwa mama hadi kwake bila kizuizi.

3. Maneno ya mbele ya chupa yanasema nini, na hayasemi nini

Tuchukue mfano wa mazungumzo dukani. Watu hawa ni wa kubuni, lakini maneno yao husikika kila siku.

«Shikamoo, bibi.»
«Marahaba, mjukuu wangu. Nipatie ile soda isiyo na sukari. Daktari amenikataza sukari.»
«Hii hapa, bibi. Hii ni ya wagonjwa, haina kitu.»
«Kama haina kitu, basi nipe mbili. Nyingine nitampa huyu mtoto jioni.»

Hapa hakuna aliyekusudia kudanganya. Daktari alisema kweli, na chupa ilisema kweli ilipodai kwamba haina sukari. Uongo uliingia katika maneno mawili ya muuza duka: «haina kitu».

Maneno «Diet», «Light» na «Zero» yanayoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa huzungumzia sukari na nishati ya chakula tu. Mwongozo wa Codex, ambayo ni tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, unaruhusu kinywaji kuitwa kisicho na sukari pale ambapo sukari yake haizidi nusu gramu katika mililita 100. Hakuna hata neno moja hapo linalohusu kafeini.

Ukweli ni kwamba soda ya kola isiyo na sukari inaweza kuwa na kafeini nyingi kuliko ile ya kawaida. Kwa takwimu za mtengenezaji mwenyewe nchini Marekani, kopo la mililita 355 la Coca-Cola ya kawaida lina miligramu 34 za kafeini, na kopo la ukubwa huohuo la Diet Coke lina miligramu 46. Tukigawanya, ya kwanza ina takriban miligramu 10 katika kila mililita 100, na ya pili ina takriban 13. Bibi wa mfano wetu ameepuka sukari, lakini ameongeza kafeini bila kujua, na mjukuu wake atakesha bila mtu kujua sababu.

Yapo pia maneno yanayofanana ambayo hayana maana moja. «Bila sukari» si sawa na «haikuongezwa sukari»: juisi ya matunda inaweza kuwa haikuongezwa sukari na bado ikawa na sukari nyingi ya matunda yenyewe. Vilevile «bila kafeini» ni kauli inayojitegemea, isipoandikwa, usiidhanie.

4. Njia nne ambazo kafeini hujificha

Kwanza, hujificha mwishoni mwa orodha. Viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Kwa kuwa kafeini hupimwa kwa miligramu, hukaa karibu na mwisho, baada ya maji, gesi, rangi, asidi na vikoleza utamu. Anayesoma viambato vitatu vya mwanzo na kuacha hataiona.

Pili, hujificha nyuma ya jina la mmea. Lebo ikitaja dondoo ya guarana, ya kola, ya chai ya kijani au ya yerba mate, imetaja kafeini bila kulitamka jina lake. Guarana ina kafeini kama ilivyo buni. Tofauti ni kwamba jina lake halijazoeleka huku kwetu.

Tatu, hujificha nyuma ya rangi. Wengi huamini kwamba kafeini imo katika soda nyeusi peke yake. Weusi wa kola hutokana na rangi ya karameli, ambayo kwenye lebo huweza kuandikwa E150d. Kafeini yenyewe ikiyeyuka haina rangi. Zipo kola nyeusi zisizo na kafeini, na zipo soda za manjano, za kijani na hata za machungwa zenye kafeini. Tena jina moja la soda linaweza kuwa na mchanganyiko tofauti katika nchi tofauti. Canada, kwa mfano, hadi mwaka 2010 iliruhusu kafeini ya kuongezwa katika soda za aina ya kola tu, ilhali nchi jirani ya Marekani ilikuwa na soda za rangi nyingine zenye kafeini kwa jina lilelile la biashara. Kwa hiyo usitegemee ulichosikia kuhusu soda ya nchi nyingine. Soma chupa iliyo mkononi mwako.

Nne, hujificha pasipo na maandishi. Soda ikimiminwa kwenye bilauri arusini, mgeni haioni chupa. Chupa ya kioo inayorudishwa huwa na maandishi machache, na yaliyo kwenye kizibo hutupwa pamoja na kizibo. Kopo lililokaa juani au ndani ya maji ya barafu huchakaa, na wino hufutika.

5. Sheria na viwango vinasemaje

Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, liliundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1975 na sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Namba 2 ya mwaka 2009. Kuanzia mwaka 2019, kazi ya kudhibiti usalama wa chakula na vipodozi, iliyokuwa chini ya TFDA, ilihamishiwa TBS, na taasisi ile ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Kwa hiyo mwenye shaka kuhusu soda leo huenda TBS.

Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, kinachojulikana kama EAS 38, kinafuata msingi wa kiwango cha jumla cha Codex. Kwa ufupi, chupa inapaswa kuonyesha jina la bidhaa, orodha ya viambato, ujazo halisi, jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na namna ya kuihifadhi. Maandishi hayo yawe katika lugha anayoielewa mlaji. Hapa nchini ni Kiswahili au Kiingereza. Lebo yenye lugha nyingine peke yake haimtumikii mlaji wa Mpapura, hata kama imejaa habari.

Ieleweke vizuri mipaka ya kiwango hicho cha Codex: kinataka viambato vitajwe, lakini hakitaki kafeini iandikwe kwa miligramu. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma neno «caffeine» kwenye chupa na bado asijue kama amekunywa kidogo au nyingi.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbele zaidi. Kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika Desemba 2014, kinywaji chenye zaidi ya miligramu 150 za kafeini katika lita moja, isipokuwa kile kinachoitwa chai au kahawa, lazima kiandikwe onyo kwamba kina kafeini nyingi na hakipendekezwi kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, na kiasi chake kitajwe kwa kila mililita 100. Hata hivyo angalia: kola yenye miligramu 13 katika mililita 100 ina miligramu 130 katika lita, nayo iko chini ya kipimo hicho. Hata Ulaya, basi, soda isiyo na sukari hupita bila onyo. Nchini Marekani nako kafeini iliyoongezwa hutajwa katika orodha, lakini kiasi chake si lazima kitajwe.

Mabishano haya si ya jana. Mwaka 1909 serikali ya Marekani ilikamata mapipa 40 makubwa na 20 madogo ya shira ya Coca-Cola mjini Chattanooga, ikidai kwamba kafeini iliyomo ni kiambato cha kuongezwa chenye madhara. Kesi ilisikilizwa mwaka 1911, ikafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1916 iliamua kwamba kafeini ile inaweza kuhesabiwa kuwa kitu kilichoongezwa, ikairudisha kesi chini. Baadaye kampuni ilikubaliana na serikali na kupunguza kafeini katika kinywaji chake. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na swali la mlaji ni lilelile: kimetiwa nini, na kwa kiasi gani?

Kuhusu alama ya ubora ya TBS, itafute kila mara, lakini ijue maana yake. Alama hiyo hueleza kwamba bidhaa imepimwa na kukidhi kiwango kilichowekwa. Haisemi kwamba bidhaa haina kafeini, wala kwamba inamfaa mtoto, mjamzito au mgonjwa. Kufaa kwako ni jambo unaloliamua wewe kwa kusoma.

6. Hesabu ya kafeini

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilitoa maoni ya kisayansi yanayotumiwa na wengi kama kipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya, hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mara moja, hazileti wasiwasi wa kiafya. Kwa mjamzito na anayenyonyesha, kikomo ni 200 kwa siku nzima. Kwa watoto, ilipendekezwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Ili kufanya hesabu, tutumie makadirio haya: kikombe cha chai ya rangi cha mililita 220 kina miligramu 50, kikombe cha kahawa ya kuchujwa cha mililita 200 kina 90, kola isiyo na sukari ina 13 katika kila mililita 100. Kinywaji cha kuongeza nguvu, kile ambacho vijana hukiita enaji, mara nyingi huwa na 32 katika kila mililita 100. Ndicho kiasi kilichomo katika Red Bull, yenye miligramu 80 katika kopo la mililita 250. Chupa yako ikitaja kiasi tofauti, ifuate chupa.

Mfano wa kwanza: mtoto. Mjukuu ana kilo 20. Kikomo chake ni 20 mara 3, yaani miligramu 60. Chupa ya nusu lita ya kola isiyo na sukari ina 13 mara 5, yaani miligramu 65. Chupa moja tu imempitisha kikomo cha siku nzima. Akipewa enaji ya mililita 300, amekunywa miligramu 96, zaidi ya mara moja na nusu ya kikomo chake.

Mfano wa pili: mama mjamzito. Asubuhi vikombe viwili vya chai, miligramu 100. Mchana, kwa joto na uchovu, enaji moja ya mililita 300, miligramu 96. Jumla ni 196. Amebakiza miligramu nne, na jioni bado haijafika. Soda yoyote yenye kafeini itakayofuata itamvusha mpaka.

Mfano wa tatu: dereva wa bodaboda. Asubuhi na mchana vikombe vitatu vya chai, miligramu 150. Usiku, ili asisinzie, enaji tatu za mililita 300, miligramu 288. Jumla ni 438. Amevuka 400, na akizinywa mbili kwa mfululizo amechukua 192 kwa mkupuo, karibu na ukomo wa mara moja. Kisha kumbuka tulichojifunza: usingizi haukuondoka, umefunikwa tu. Barabara haijui kwamba dereva anajisikia macho.

7. Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Wenye kisukari. Soda isiyo na sukari inaweza kuwasaidia kupunguza sukari wanayokunywa. Lakini kuna saa moja ambayo soda hiyo haifai kabisa: pale sukari ya mwili inaposhuka ghafla, mgonjwa akatetemeka, akatokwa na jasho na kuchanganyikiwa. Wakati huo anahitaji kinywaji chenye sukari halisi, kisha apelekwe zahanati. Jamaa akimpa chupa iliyoandikwa «Diet» au «Zero» kwa sababu «ndiyo soda yake», hatakuwa amemsaidia. Watu wa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari wote wajue tofauti hii. Na ikiwa mgonjwa amezimia, asimiminiwe kitu mdomoni. Apelekwe kwenye matibabu mara moja.

Wenye shinikizo la damu na matatizo ya moyo. Kafeini huweza kupandisha shinikizo kwa muda na kuufanya moyo upige kasi. Wamweleze mganga wao kiasi wanachokunywa, wakihesabu soda na enaji pamoja na chai.

Wanaofunga. Aliyezoea kafeini kila siku, akiiacha ghafla, huanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24. Wengi hulilaumu jua au njaa katika siku za kwanza za Ramadhani, kumbe mwili unaidai kafeini. Dawa yake ni kupunguza polepole katika wiki moja au mbili kabla ya mwezi kuandama. Na wakati wa daku, maji ni bora kuliko kola.

Wanaochanganya na pombe. Kafeini haipunguzi ulevi. Inamzuia mlevi asijue kwamba amelewa. Aliyechanganya enaji na pombe, iwe ya dukani au uraka wa nyumbani, hunywa zaidi na kujiamini zaidi kuliko hali yake inavyoruhusu. Mwaka 2010 Marekani iliwaonya watengenezaji wanne waliokuwa wakitia kafeini katika pombe, na vinywaji hivyo vikaondolewa sokoni.

Wachache wenye ugonjwa wa kuzaliwa uitwao fenilketonuria. Kwao tatizo si kafeini bali aspateme, kikoleza utamu chenye namba E951, ambacho kina fenilalanini. Ndiyo maana chupa nyingi za soda zisizo na sukari zina maneno yanayotaja fenilalanini. Kwa watu wengine maneno hayo si onyo la kutisha.

8. Lebo inaponyamaza: mfano kutoka nchi jirani

Mwishoni mwa mwaka 2018, mlaji mmoja nchini Uganda alilalamika kwamba kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Zambia kilimletea mabadiliko yasiyo ya kawaida mwilini. Mamlaka ya dawa ya Uganda ilikipima na kuwaarifu wenzao wa Zambia. Vipimo vilionyesha kwamba ndani yake kulikuwa na sildenafil, dawa ya wanaume inayopaswa kutolewa kwa ushauri wa daktari, na ambayo ni hatari kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mjini Ndola uzalishaji ulisimamishwa, na bidhaa ikaamriwa kuondolewa madukani.

Kinywaji hicho kilikuwa na dawa iliyofichwa, jambo zito kuliko kafeini iliyotajwa kwa herufi ndogo. Hata hivyo mfano huu unatufundisha mambo mawili. La kwanza, orodha ya viambato ni ahadi, na ahadi huweza kuvunjwa. La pili, na kubwa zaidi, uchunguzi ule ulianzia kwa mlaji aliyekataa kunyamaza.

9. Hatua za kuchukua

Kabla ya kununua: Geuza chupa. Soma orodha ya viambato kuanzia mwisho. Tafuta «kafeini» au «caffeine», kisha majina ya guarana, kola, chai na mate. Tafuta kiasi kwa mililita 100 na ukizidishe kwa ujazo wa chupa. Kama maandishi ni madogo mno, mwombe kijana akusomee, si aibu. Kama hayasomeki kabisa, irudishe chupa.

Nyumbani: Usimpe mtoto kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kiasi chochote. Usimpe kola jioni. Kwa kiu, maji safi na dafu vinatosha.

Kwenye sherehe: Waandaaji wafungue chupa mbele ya mgeni, au waweke meza mbili, moja ya vinywaji vyenye kafeini na nyingine ya visivyo nayo.

Kwa wenye maduka: Usiseme «haina kitu». Sema «haina sukari, lakini ina kafeini», au «sijui, tusome pamoja». Panga enaji mbali na vinywaji vya watoto.

Ukiwa na malalamiko: Hifadhi chupa pamoja na kizibo chake na kinywaji kilichobaki. Tunza risiti. Andika namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la duka na siku uliyonunua. Mweleze muuza duka kwanza, kwani huenda naye hakujua. Kisha peleka taarifa kwa afisa afya wa kata au wa halmashauri, au katika ofisi ya TBS ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara. Ikiwa tatizo ni tangazo au maneno yanayopotosha, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo yenye dhamana, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaomdanganya mlaji au unaoelekea kumdanganya. Aliyedhurika aende kwanza zahanati, achukue na chupa.

Haki ya kupewa taarifa ni miongoni mwa haki nne za mlaji zilizotamkwa na Rais John F. Kennedy wa Marekani tarehe 15 Machi 1962, siku ambayo sasa huadhimishwa duniani kote kama Siku ya Haki za Mlaji. Haki hiyo haimnyimi mtu soda yake. Inamtaka tu aliyeitengeneza aseme alichokitia ndani, na aliyeinunua asome kilichosemwa.

Maswali ya kujipima na ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya «bila sukari», «haikuongezwa sukari» na «bila kafeini».
2. Kwa nini kafeini huandikwa karibu na mwisho wa orodha ya viambato?
3. Mtoto ana kilo 30. Kikomo chake cha kafeini kwa siku ni miligramu ngapi? Je, chupa ya mililita 300 yenye miligramu 32 katika kila mililita 100 itampitisha kikomo hicho?
4. Sukari ya mgonjwa wa kisukari imeshuka ghafla. Nyumbani kuna soda mbili, moja ya kawaida na moja isiyo na sukari. Utampa ipi akiwa bado ana fahamu, na kwa nini?
5. Chukueni chupa zilizoletwa na mwongozaji. Kwa kila moja andikeni: je, ina kafeini? Kiasi chake kimetajwa? Lugha ya lebo inaeleweka? Anwani ya mtengenezaji ipo? Ni chupa ipi iliyomheshimu mlaji zaidi?
6. Kama mungekuwa nyinyi mnaoandika kiwango cha lebo, mungetaka kafeini itajwe kwa namna gani? Andikeni pendekezo lenu kwa sentensi mbili na mulipeleke ofisi ya TBS iliyo karibu.

Majibu ya swali la 3: Kikomo ni miligramu 90. Chupa ina miligramu 96, kwa hiyo itampitisha. Majibu ya swali la 4: Apewe soda ya kawaida, kwa sababu anahitaji sukari halisi, ile isiyo na sukari haitaipandisha sukari ya mwili wake.